Pazia Lililomezwa na Dari

Wifi yangu tunamwita Sentimita, na jina hilo alilitafuta mwenyewe. Siku ya kwanza kaka yake aliponipeleka kwao, watu wote walinisalimu na kunipa kiti. Yeye alinitazama mabega, akainamisha kichwa, akasema, "La kushoto limeshuka kidogo."

"Limeshuka kwa kumvumilia kaka yako," nikamjibu, "na bado hata hajanioa."

Akacheka mpaka akakaa chini. Ni miaka ishirini na sita sasa, bado tunachekana. Na bega lilikuwa limeshuka kweli. Nilikwenda kujitazama kwenye kioo.

Alianza kushona akiwa na miaka kumi na saba kwenye chumba cha mbele cha shangazi yake. Alishona mapazia tu. Nguo alizikataa mapema. Alisema nguo zina watu ndani, na watu hunenepa halafu wanakuja kumgombeza fundi. Dirisha halinenepi. Yalikuwa mapazia ya enzi zile, mazito, yenye marinda na vishada, yanayoburuzika sakafuni na kukusanya vumbi la ukoo mzima. Ukitaka kuyafua unahitaji wanaume wawili na jua la siku nzima. Alisomesha watoto wawili kwa hayo marinda baada ya mume wake kuamua kwamba ndoa ina majukumu mengi kuliko alivyoelezwa.

Kisha zikaja nyumba za vioo. Ukuta mzima ni kioo, kutoka sakafuni mpaka juu, na mwenye nyumba hataki kuona pazia hata kidogo. Anataka mchana aone miti na mawingu kama vile hakuna kitu hapo, na jioni ajifunike. Kwa hiyo pazia linafichwa kwenye dari. Kuna shimo refu juu huko, ndani yake bomba, ndani ya bomba mota, na kitambaa kimeviringwa juu ya bomba kama mkeka. Chini unaachwa mwanya wa vidole vinne tu. Unabonyeza rimoti, kitambaa kinashuka kimya kimya. Unabonyeza tena, kinapanda, unasahau kwamba kipo.

Tulipoliona mara ya kwanza, nyumbani kwa mteja wake wa zamani, mimi nilisema huu ni uvivu wa kuvuta kamba. Sentimita aliiomba rimoti. Alibonyeza ile rimoti mara kumi na moja. Nilihesabu.

Wiki iliyofuata alikuwa mlangoni pa karakana inayotengeneza mapazia hayo. Bosi akamwangalia, mwanamke wa miaka arobaini na kitu na mkoba wa mkasi, akamwambia, "Mama, huku tunapanda ngazi."

"Na mimi nina miguu miwili. Wewe una mingapi?"

Akapewa meza ya kukata vitambaa. Mwaka wa pili alikuwa kwenye ngazi. Mwaka wa tatu yeye ndiye aliyekuwa akizifundisha mota zisimame wapi zikipanda na wapi zikishuka, na wanaume wanne wanamshikia waya. Mimi aliniingiza kwenye meza ya cherehani ya karakana. Nashona mfuko wa chini wa pazia, ule unaoingia fimbo ya chuma ili kitambaa kinyooke. Cherehani yake mwenyewe alimpa mpwa wake. Nilimwuliza, ukitimuliwa je? Akasema, "Ndiyo maana nimempa. Nisipate pa kurudi."

Ndipo yakaja mambo ya nyumba ya daktari wa meno. Sebule yake ina ukuta wa kioo wa mita tisa, mapazia matatu. Bosi alimwita Sentimita mbele yetu sote. "Hii ni yako, kuanzia kipimo cha kwanza mpaka mwenyewe atie sahihi. Mwaka huu tumevunja dari za watu mara mbili, nimechoka kuomba radhi. Ukikabidhi bila dari kuguswa, wewe ndiye kiongozi wa mafundi. Ikivunjwa, namchukua yule jamaa wa karakana ya pili." Na yule jamaa alishakuja. Alizunguka karakana yetu akigonga gonga vifaa na kutikisa ngazi, kama mtu anayechagua ng'ombe.

Sentimita alifunga mabomba yake vizuri. Baada yake akaja fundi dari, ambaye wote humwita Laini kwa sababu hana habari nyingine ila ulaini wa dari. Fundi dari mwenye akili huacha kipande kinachofunguka kando ya shimo, ili mota ikisumbua uifikie. Laini alifunga kila kitu, akapiga msasa siku nne, akapaka rangi.

"Kifuniko kiko wapi?" Sentimita akamwuliza.

"Kifuniko kinaharibu sura, dada. Pitisha mkono uone."

"Na pazia likiugua, nilitibu kupitia wapi?"

"Kwani pazia linaugua?"

Siku ya kukabidhi ilikuwa Ijumaa, saa nne asubuhi. Tulifika saa mbili, mimi nikiwa na mkasi wa kukata nyuzi na kitambaa cha kufuta alama za vidole vya watu kwenye vioo. Laini naye alikuwepo, akiipangusa vumbi dari yake kama mtoto mchanga. Tukafungua mlango mkubwa wa kioo, hewa ikaingia. Sentimita akabonyeza rimoti. Pazia la kwanza likashuka. La pili likashuka. La tatu, mota ikanguruma kidogo, basi. Kitambaa hakikutokea.

Akaachia kidole palepale. Nikamwona uso umebadilika.

"Wifi, nimelifanya mwenyewe," akaniambia kwa sauti ndogo.

Jana yake, akiwa amebaki peke yake, alikuwa ametazama juu akaona ile fimbo ya chini inachungulia kwenye mwanya. Ndivyo inavyotakiwa. Fimbo ikae mdomoni mwa mwanya, mwanya uishike isiyumbe. Lakini yeye ni Sentimita. Alitaka isionekane kabisa. Akaipandisha. Sentimita moja tu! Sasa ilikuwa huru ndani ya shimo, upepo wa mlango ukaipiga, ikayumba, ikalala juu ya ukingo wa dari upande wa ndani. Kitambaa kingeteremka vipi wakati fimbo yake imelala usingizi?

Laini aliposikia alicheka. "Kumbe linaugua!" Halafu akatazama juu, akatazama begi la vifaa, akaona msumeno, kicheko kikakatika. "Hapana, dada. Dari yangu haikatwi. Siku nne za msasa!"

"Ungeacha kifuniko tungekuwa tumeshamaliza tunakunywa chai," nikamwambia.

"Nyamazeni wote wawili," akasema Sentimita.

Mimi nikamvuta pembeni. Sikumpa ushauri wa mtu mwema. "Mwambie daktari umeme ni mdogo. Atie sahihi, Jumatatu tutarudi."

"Umeme mdogo kwa moja, mwingi kwa mawili?"

"Basi mwambie mota imechoka."

"Mota ina siku tisa, wifi. Imechoshwa na nini, kusikiliza maneno yako?"

Akapanda ngazi. Akaingiza vidole kwenye mwanya, macho amefumba, akipapasa kama mtu anayetafuta sarafu chini ya kabati. Upande wa kulia fimbo ilikuwa imepanda juu ya ukingo kabisa. Upande wa kushoto ncha ilikuwa karibu, anaigusa lakini haishiki. Akaagiza Laini aweke ngazi ya pili na amulike kwa simu. Mimi akanipa rimoti.

"Nikisema chini, bonyeza. Nikisema basi, achia. Usifikiri."

"Mbele yako nimeshaacha siku nyingi."

"Chini!"

Mota ikanguruma. Huko gizani kitambaa kilikuwa kinalegea bila kwenda popote. Kikizidi, kinajisokota kwenye bomba, na hapo hakuna njia isipokuwa msumeno. Kikipungua, fimbo haisogei. Taratibu kitambaa kikaanza kuchungulia kwenye mwanya, kimejikunja kama tumbo.

"Basi!"

Nikaachia. Jasho lilikuwa linanitoka hata kwenye kidole cha kubonyezea.

Alianza kuvuta ule mkunjo, polepole, akiuelekeza kushoto. Fimbo ya mita tatu huitoi yote kwa mara moja. Unatoa ncha kwanza, unailaza mshazari, kama unavyopitisha godoro kwenye mlango mwembamba. Mkono wake mmoja ulikuwa umeingia darini mpaka kiwiko. Na hapo hapo, saa tatu na nusu, mwenye nyumba akaingia.

Alisimama, mkoba mkononi. "Mnavua samaki?"

Laini akaendelea kumulika. Mimi nikafungua mdomo, umeme mdogo uko tayari ulimini. Sentimita akaniwahi kutoka kule juu.

"Mama, nimekosea. Hili pazia nilitaka kulificha kupita kiasi, nikalipandisha sentimita moja, fimbo imelala ndani. Naitoa. Ikishindikana itabidi dari ikatwe, na kosa ni langu. Niendelee au nishuke?"

Daktari akamtazama, akautazama mkono uliomezwa.

"Endelea," akasema. "Mimi nikiwa na mkono mdomoni mwa mtu, sipendi kuongeleshwa."

Akakaa kwenye sanduku la vigae, mkoba mapajani. Sentimita alisogeza, akarudisha, akasogeza. "Chini kidogo. Basi. Laini, mulika kulia. Kulia kwangu, si kwako! Sukuma kwa kidole. Kidole, baba, si ngumi." Kisha, ko! Ncha ya fimbo ikachomoza kwenye mwanya, chuma kitupu kinang'aa. Akaishika. Nyuma yake fimbo yote ikafuata, ikateleza kwenye viganja vya Laini, naye akaipokea kwa heshima zote.

Nikabonyeza. Pazia likashuka lote mpaka sakafuni. Nilipiga magoti nikakagua mfuko wangu wa chini. Hakuna uzi hata mmoja uliofumuka, na hilo nalisema mwenyewe maana hakuna mwingine aliyelisema.

Sentimita akaishusha alama ya kusimama ile sentimita moja, akalinganisha na mapazia mengine mawili. Akayapandisha na kuyashusha mara tisa, mlango wazi, upepo unapiga utakavyo. Fimbo zilibaki zinachungulia kwenye mwanya, zimetulia.

Daktari akasogea akatazama juu. "Ndicho hicho ulichokuwa unakificha?"

"Ndicho hicho, mama."

"Kijistari hicho?" Akanyoosha kidole kwenye majengo ya ghorofa ng'ambo ya barabara. "Mwanangu, mwezi mzima nakunywa chai mbele ya familia kumi na mbili. Nataka lishuke nikiliambia lishuke. Lete karatasi."

Akatia sahihi akiwa amesimama.

Bosi alifika saa nne kamili, na macho yake yalikwenda darini kabla ya salamu. Laini akamwambia yeye hajaona kitu. Sentimita akamkata kauli akaeleza yote, sentimita, fimbo, mkono, mkunjo. Bosi alisikiliza, akasoma sahihi mara mbili kana kwamba ni ndefu.

"Imetokea kwenye mwanya? Bila msumeno?"

"Kwenye mwanya."

"Jumatatu kuna nyumba ya vioo pande nne. Chukua watu wawili."

"Nawachagua mwenyewe. Na fundi dari ataacha kifuniko, au siendi."

"Ataacha," akasema Laini haraka, kabla hajaulizwa.

Tulitoka nje. Sentimita aliteremka ngazi tatu za barazani, ya nne akaikalia. Akavua viatu. Vumbi jeupe la dari lilikuwa limempanda mpaka kwenye kope. Nikafungua chupa ya maji nikamnawisha mikono hapo hapo, juu ya maua ya daktari.

"Wifi, ona ilivyochubuka," akasema, akinyoosha vidole.

"Itapona. Kazi imeisha."

Akaitazama kidogo, akaanza kucheka, na mimi nikakaa kando yake nikavua vyangu.