Usipite Nyuma ya Ndege Iliyo Hai

Nakumbuka mchana mmoja wa kiangazi, mwanangu, ambao hadi leo sijausahau. Umeniambia Jumatatu unaanza kazi ya kupakia mizigo kwenye ndege, na sitaki uondoke hapa Likasi bila kusikia habari hii.

Nilikuwa msichana bado, nafanya usafi ndani ya ndege kwenye uwanja mmoja wa mbali. Mkubwa wetu alikuwa Papa Kalala, mzee wa asili ya Kasai, mtu wa maneno machache. Pamoja nasi alikuwepo Mbuyi, kijana wa Kakontwe, mpakiaji mizigo. Hata kwenye jua kali Mbuyi alikuwa akiimba nyimbo za kanisani kwao, na sisi wasichana tulimpenda kama kaka.

Mchana ule hapakuwa na upepo hata kidogo. Ndege mbili zilikuwa uwanjani. Moja ilikuwa karibu nasi, ikinguruma mpaka meno yanatetemeka. Ya pili ilisimama mbele zaidi, imetugeuzia mgongo, na kwa kelele za ile ya kwanza ungeapa kwamba imezimwa. Taa nyekundu tu chini ya tumbo lake ilikuwa ikiwaka na kuzimika.

Hapo koni moja ya plastiki, ya zile za kuzuia watu wasipite, ikaanza kutembea peke yake. Haikuanguka. Ilisogea taratibu juu ya saruji, wima, kana kwamba mtu anaivuta kwa uzi. Ukingoni mwa saruji majani makavu yalikuwa yamelala chini, mstari mmoja tu. Ya kulia na ya kushoto yalisimama tuli.

Mbuyi naye aliiona, akacheka. "Angalia, koni iko natoroka," akasema. "Miye naenda kuirudisha."

Papa Kalala alimwita. Niliona mdomo wake ukifunguka na shingo ikikaza, lakini sauti sikuisikia, kama mtu anayeita ndotoni. Mbuyi hakugeuka, alikuwa tayari nyuma ya ndege ya mbele akiifuata koni.

Ndege ya mbele ikaongeza nguvu ili iondoke. Sikuona kitu chochote kikimgusa Mbuyi. Hewa ilitetemeka tu, ikanuka mafuta yaliyoungua, na mahali aliposimama pakawa patupu.

Papa Kalala alitushika mpaka ndege ilipokwenda. Ndipo tukamwona Mbuyi kwenye ua wa waya, mabega yametanuka. Tulikimbia. Tulipofika hapakuwa na mtu. Kilikuwa kizibao chake cha kazi, kitupu, kimenasa kwenye waya. Mwenyewe alikuwa amelala mbali, ndani ya majani, macho wazi, bega na mguu vimevunjika. Alikuwa akipumua.

Wenzetu walipokwisha kumbeba kwenda hospitali, Papa Kalala alitugeukia.

"Upepo ya ndege hamutaiona na macho," akasema. "Mutaona tu vitu vyenye inabeba. Ile taa ikiwaka, ndege iko muzima. Muntu asipite nyuma yake, hata kama munafikiri imenyamaza. Mumesikia?"



Mbuyi alipona, akarudi Kakontwe. Mwaka jana nilikwenda kumsalimu. Mkewe alitupikia samaki wa ziwa Tshangalele, tukaongea, akacheka kama zamani. Kisha upepo wa mvua ukaanza kugonga mabati. Akanyamaza katikati ya neno, akashuka kwenye kiti, akakaa sakafuni, mikono miwili imeshika mguu wa meza. Mkewe hakushangaa, alifunga mlango, akaketi chini karibu naye. Nami nikaketi. Tukangoja hivyo, watu wazima watatu, mpaka upepo ukapita.

Kwa hiyo, mwanangu, ukiwa pale usiyaamini masikio yako. Itazame taa kwanza. Zunguka mbali, hata wenzako wakikuita mwoga. Mbele ya injini nako usikaribie, maana inavuta kama inavyosukuma. Kitu kikipeperuka, iwe koni, iwe kofia yako, iwe mzigo wa tajiri, kiache kiende. Na mkubwa wako akiinua mkono, simama hapo hapo; sababu utaiuliza baadaye.

Mungu akutangulie kila utakapokanyaga saruji ile, akufungue macho, na kila jioni akuingize nyumbani kwa mama yako ukitembea kwa miguu yako mwenyewe.