Nkambo katika Safu ya Pili

Vifaranga wa bata walipoanza kufa, nyumbani tulikuwa watu wanne na mwenye hatia alishapatikana. Wa kwanza alianguka asubuhi, miguu ikitetemeka, shingo imejipinda mgongoni. Wiki hiyo wakafa tisa. Walikuwa wa mke wa mjomba, aliyefuga bata ili kuwauzia wake za wanajeshi kule Base, kambi ya jeshi. Hakutazama chakula wala maji. Alitazama mlango wa chumba cha nyuma, alimolala nkambo, bibi yangu, mama mzazi wa mjomba.

"Huyu mumama iko nakula roho ya bata yangu," alisema, bila kushusha sauti. "Kesho atakula yetu."

Katika mji wetu wa Kamina, bikizee akishazika mume na watoto watatu, naye akaendelea kula vizuri, hahitajiki shahidi.

Nilikuwa nimerudi kutoka Lubumbashi na diploma ya falsafa. Kazi yangu ya mwisho niliiandika juu ya Mwingereza mmoja wa miaka mia nne iliyopita, mwanasheria wa mfalme, ambaye hakuamini akili ya mtu. Kwake akili ni kioo kilichopinda: hushika mifano inayoipendeza na kuitupa mingine. Dawa yake ilikuwa jedwali. Andika safu ya kwanza, mahali jambo linapotokea. Andika ya pili, mahali lisipotokea ingawa ulilitazamia. Halafu yabane maumbile, yasumbue, kwa sababu yakiachwa huru hayasemi.

Nikaona nafasi ya kuwaaibisha wote.

"Mumpeleke nkambo Sanga kwa mdogo wake, mwezi mmoja," nilimwambia mjomba. "Mimi nitaandika kila siku. Bata wakifa bila yeye kuwepo, mtamwomba msamaha mkiwa mmepiga magoti."

Mjomba alikuwa mtu wa reli, mzito wa maneno. "Na kama habafe?"

Nikacheka. "Watakufa tu."

Nkambo hakucheka. Kwa kawaida aliniita bwana yake, kama nkambo wote wanavyowatania wajukuu wa kiume, na kila Jumamosi alinipikia munkoyo, kile kinywaji cha mahindi na mizizi, akidai kwamba mke wangu wa baadaye hatakiweza. Siku hiyo alikaa kitandani akishika magoti.

"Bwana yangu, minyi siendi. Muntu akitoka ku nyumba na hii maneno, harudiake."

"Ni mwezi mmoja tu."

"Ni weye njo unasema, ao ni kitabu?"

Nilimjibu kwamba ni sayansi. Nilimpandisha mwenyewe kwenye lori la wachuuzi wa samaki, juu ya magunia matupu yaliyokuwa yakirudi Kinkondja, nikawaambia wamvushe kwa mtumbwi hadi Sanga. Hakugeuka kunitazama. Nami sikumtazama sana. Nilikuwa nikipiga mistari kwenye daftari.

Hakufa hata kifaranga kimoja. Yai jipya lilianguliwa, kisha jingine, mpaka wakawa kumi na mmoja, wanene, wachafu, wanapiga kelele uani. Kila asubuhi mke wa mjomba alinijia na kikombe cha chai.

"Leo pia habakufa. Andika, Profesere. Andika vizuri."

Niliandika. Mwezi ulipokwisha mjomba alichukua daftari, akaita ukoo, akalisoma lote kwa sauti, siku baada ya siku. Mtoto hawezi kumfukuza mama yake kwa umbea wa mke. Angechekwa mjini kote. Alihitaji karatasi, na karatasi ilikuwa mwandiko wangu. Wakakubaliana kwamba nkambo abaki Sanga.

Ndipo nilipojiuliza swali nililopaswa kuuliza kabla ya lori kuondoka: pamoja na nkambo, ni nini kingine kilichokosekana mwezi ule? Nilizunguka ua. Nyuma ya jiko kulikuwa na gunia la machicha ya munkoyo, mabaki ya mahindi yaliyochujwa. Nkambo hakujua kutupa mahindi. Aliyaanika machicha, mvua ikayanyeshea, yakaota ukungu wa kijani, naye akawavunjia vifaranga kidogo kidogo kwa huruma. Tangu aondoke hakuna aliyepika munkoyo, wala aliyegusa gunia.

Nilichukua vifaranga sita. Watatu niliwapa machicha, watatu unga safi. Siku ya nne wale wa machicha waliyumba. Wa mwisho alifia kiganjani mwangu, shingo ikijipinda polepole, na sijawahi kufurahi namna ile. Nikawaita mjomba na mkewe.

Mke wa mjomba hakulitazama gunia.

"Nani alibapatia chakula?"

"Mimi."

"Na bilikufa mu mikono yako."

Nikaeleza ukungu. Nikaeleza safu ya pili. Mjomba alikuwa amerudi nyuma hatua mbili.

"Alikuwa anakupatia chakula mu sahani yake," alisema. "Tangu mutoto."

Kwetu kila mtu anajua bulozi, yaani uchawi, unavyopita: nkambo humwachia mjukuu, ndani ya chakula. Nikawasihi wajaribu wenyewe, wachukue machicha kwa mikono yao, wawape kifaranga kimoja tu.

"Minyi nishike ile?" mke wa mjomba alisema. "Weye, unataka tukuwe bengi?"

Basi hakukuwa na mkono wa kurudia jaribio ila wangu, na wangu haukuwa ushahidi tena.

Mjomba alisema lori la Kinkondja linaondoka Alhamisi, na juu ya magunia kuna nafasi ya mtu.

Nilifikiri usiku mmoja, na hata huo sikuuhitaji wote. Asubuhi nikawaambia kwamba nilidanganya. Nilichanganya sumu ya panya kwenye machicha, nikasema, kwa kumhurumia nkambo. Nikachoma gunia mbele yao. Mke wa mjomba alinipigia makofi madogo, kama anavyopigiwa mtoto aliyetubu, akanipa chai.

Nimehamia chumba cha nyuma, kwa sababu kina dirisha. Vifaranga wanaendelea vizuri. Juzi mchuuzi mmoja wa samaki alisimama mlangoni na ujumbe kutoka Sanga: bikizee anauliza kama nimemaliza kuhesabu, kwa maana mwezi umepita na miguu yake imevimba.

Nilimwambia amjibu kwamba bado.