Zeze la Mwajemi Jikoni kwa Koko

Kwanza ulikuwa mguno. Ulitoka jikoni kwa bibi yangu, Ngaramtoni, mchana wa manyunyu, nikadhani mtu anaumwa. Nilipoingia nilimkuta koko, kama tunavyomwita bibi kwetu, amepakata zeze la ukoo na kuingiza kijiti kinachofuka moshi katika mgongo wa zeze ulio wazi. Ngozi iliyowambwa mbele yake ilikuwa inakazika kwa joto, na nyuzi mbili zilizosalia zilivutika zikaguna zenyewe. Maelezo hayo niliyapata baadaye. Papo hapo nilipiga kelele.

“Koko, unalichoma!”

“Salamu hakuna siku hizi?”

“Shikamoo. Unalichoma!”

“Marahaba. Nalifukiza. Mtoto kasoma mpaka anaogopa moshi.”

Nilikuwa nimekuja kulichukua. Katika utafiti wangu wa uzamili nilikuwa nimelitambua: ni kemanche, fidla ya Waajemi, ambayo mpigaji huisimamisha gotini na kuigeuza yenyewe ikutane na upinde. Msimamizi wangu alitaka iwekwe katika kabati la kioo chuoni, isiguswe tena. Bila hivyo, sura niliyoitegemea kuliko zote katika tasnifu yangu asingeipokea.

Niliketi, na koko akanisimulia tena asili ya zeze. Enzi za Mjerumani, bibi yake alikuwa akipeleka maziwa bomani. Nje ya boma alishona nguo fundi mmoja Mwajemi, aliyepanda huku na msafara wa wafanyabiashara. Alipougua na kuteremshwa pwani, alimkabidhi yule muuza maziwa zeze lake: nitunzie. Naye aliona chombo cha mviringo kilicho wazi upande mmoja, na chombo cha namna hiyo alijua kukitunza kwa njia moja tu, ile ya vibuyu vya maziwa: moshi wa oloirien, mzeituni wa mwituni. Tangu hapo wanawake wa nyumba hii hulifukiza.

Moshi ulikuwa mtamu, mzito kidogo. Ndani yake nilimwona fundi, au niliuona mgongo wake tu, ukuta mweupe nyuma yake, zeze likizunguka polepole gotini kama kitu kinachogeuka usingizini. Mlima Meru ulitoka mawinguni ukarudi. Sikujua kama nilikuwa nimesinzia.

Kisha nikaanza kupima. Moshi hukausha ngozi. Ngozi kavu hupasuka. Lakini moshi hufukuza wadudu, na pasipo moshi huenda fukusi wangekwisha kulimaliza kabla sijazaliwa. Basi nilichokiita uharibifu ndicho kilichonifikishia chombo? Au nilitaka tu iwe hivyo kwa sababu nimekaa karibu na moto?

“Huko kwenye kioo,” koko akauliza, “nani atalifukiza?”

“Hakuna, koko.”

“Basi litanuka. Mwenyewe akituma mtu, tumpe linalonuka? Nyie wasomi hamna aibu.”

Hakuwa anatania. Kwake lilikuwa bado mali ya mgeni.

Nilitoka uani, penye mtandao, nikasimama muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha nikampigia msimamizi.

“Shikamoo, mwalimu. Zeze linabaki Ngaramtoni.”

“Na sura yako?”

“Nitaiandika upya, juu ya moshi.”

“Una hakika?”

“Sina,” nikasema. “Lakini halitoki.”