Mitende Sita ya Rahma

Haya yalinitokea mimi mwenyewe, mchana, jua likiwa utosini, na sikuwa na homa wala usingizi. Nasema mapema kwa sababu najua mtakavyonitazama. Wanangu wenyewe hunitazama hivyo hivyo. Mimi ni mtu wa karatasi. Maisha yangu yote nimeandika barua za watu na hati za watu, na mtu akinihadithia habari za majini, swali langu ni moja tu: uliona, au uliambiwa? Basi mimi niliona. Nikapewa na maji, nikanywa.

Ilikuwa mwaka sitini na saba, hapa hapa Maskati. Jamaa zangu walikuwa wamefika kutoka Unguja miaka mitatu kabla, na vitu walivyobeba vilienea ndani ya sanduku moja la bati. Siku za fujo kule Unguja, mwaka sitini na nne, mimi sikuwako. Nilikuwa masomoni Cairo, na nyumbani nilikuwa nimeondoka miaka sita nyuma. Nilichojua ni kile nilichoandikiwa kwa barua: Babu kafa, shangazi yangu Zuwena kafa, wote siku moja, shamba kwa Babu. Baba yangu alikuwa mjini, akasalimika, akaja kufia Maskati kitandani pake. Ami Nasoro, mdogo wake Baba, naye alisalimika. Na alisalimika Rahma, mtoto pekee wa shangazi Zuwena, msichana wa miaka kumi na miwili wakati ule. Babake alikuwa kafa zamani.

Ndani ya lile sanduku mlikuwa na wasia wa baba yake Babu, karatasi ya Kiarabu ambayo wino wake ulishageuka kahawia. Mzee yule aliacha shamba la mitende huko Sib, nje ya mji wa Maskati. Mtende mmoja aliutoa wakfu, tende zake zifuturishe watu msikitini, na sitini iliyobaki ni ya Babu. Babu hakuwahi hata kuiona. Sasa kadhi alitaka shajara ya ukoo: nani kamzaa nani, nani yuko hai, na waliokufa, nani alimtangulia nani.

Hilo la mwisho ndilo lenye uzito, na wasiopata kurithi hawalijui. Shangazi Zuwena akiwa kafa kabla ya babake, hana kitu, na binti yake hana kitu. Akiwa kafa baada yake, hata kwa muda wa kunywa kikombe cha maji, fungu lake lipo, mitende kumi na miwili, na nusu yake ni ya Rahma. Nilipiga hesabu: mitende sita.

Mtasema mitende sita ni nini? Rahma alikuwa na miaka kumi na tano, anaishi kwa Ami Nasoro ndani ya ukuta wa Maskati, anakula kwa hisani na anakumbushwa kila siku kuwa ni hisani. Mke wa Ami alikwishapanga kumpeleka Kuwait kwa nduguze, akalee watoto wao. Kulea ni neno la adabu tu. Alikuwa anapelekwa kutumika. Mwenye mitende sita na jina lake katika hati ya kadhi hapelekwi hivyo kama kifurushi.

Nilimuuliza Ami, kwa sababu yeye alikuwa shamba siku ile. Akasema bila kunitazama, "Zuwena alitangulia." Nikaandika: alitangulia. Sikuuliza mara ya pili. Niseme kweli, kwa hesabu hiyo na mimi, mrithi wa Baba, nilizidishiwa mitende mitatu, na mtu anayezidishiwa huwa haulizi sana.

Siku hizo Ami Nasoro tulimwona mcha Mungu. Kila adhuhuri, sinia likiwekwa na gudulia la maji likipitishwa, yeye hujitenga chumbani, hagusi maji. Tukasema amefunga sunna. Mke wake alijisifia kwa majirani.

Basi nikaenda Sib kuhesabu mitende. Nilipanda lori la tajiri wangu lililopeleka mchele, tukapita Khuweri, ambako leo mnaona wizara na maghorofa. Wakati ule palikuwa na vibanda vya wavuvi na mbwa wakilala njiani. Shambani nikapokewa na bidari, yule mtunza shamba, Mbalushi asiyejua neno la Kiswahili. Alinionyesha mipaka, akaniambia kwa Kiarabu niangalie maji ya kisima, yana chumvi, kisha akaenda kuswali na kulala. Hata ng'ombe wa kuvuta maji alikuwa amefunguliwa.

Nilimaliza safu ya tatu, nikakaa chini ya mtende wa mwisho, nikatandaza shajara yangu juu ya mkoba. Nikasikia nyuma yangu, "Unaandika nini, mwanangu?"

Kiswahili cha Unguja, Sib, adhuhuri! Nilifurahi tu, naapa. Niligeuka nikaona mama wa makamo, kajitanda kanga nyekundu iliyopauka, kikombe cha bati mkononi. Kidole chake cha mwisho cha mkono wa kulia kilikuwa kimekatika nusu. Nikadhani ni katika wale wetu waliofika karibuni.

"Mirathi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Zuwena umemweka wapi?"

Sikushtuka hata hapo. Watu wa Unguja wote wanajuana, nikaona labda alikuwa rafiki yake. Nikamwonyesha kwa kalamu. "Hapa. Alimtangulia babake."

"Nani kakwambia?"

"Ami Nasoro."

Aliinama akalitazama lile jina karatasini. Kisha akasema polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto. "Mie ndiye n'liyemfumba macho mzee. Kwa mkono huu. Zuwena yu hai, ananitazama. Kisha akaomba maji. Mtungi uko hatua tatu, na mie nishajeruhiwa, miguu hainiendi. Akaomba mara ya pili, akamwita nduguye kwa jina. Nasoro alikuwa nyuma ya mlango wa ghala. Nnaiona kanzu yake chini ya mlango. Akaomba mara ya tatu. Basi."

Aliniwekea kikombe mbele yangu, juu ya karatasi. "Kunywa, jua kali."

Nikanywa. Maji yalikuwa baridi, matamu, yamefukizwa ubani kama yalivyokuwa maji ya mtungi wa nyumbani kwetu nilipokuwa mdogo. Hayakuwa na chumvi hata chembe. Hilo ndilo lililonifanya nigeuke kutazama kisima, na nilipogeuka tena hapakuwa na mama wala kikombe. Udongo pale ulikuwa umemwagiliwa asubuhi, bado laini. Nyayo zilikuwa zangu peke yangu.

Je, nilikimbia? Sikukimbia. Nilikunja karatasi yangu nikaenda kusimama karibu na ng'ombe mpaka lori lilipokuja. 

Nyumbani nilimsubiri Rahma apite uani, nikamuuliza kama amjua mama mmoja wa Unguja mwenye kidole nusu. Alikuwa anaanua nguo. Akaziweka chini.

"Bi Mwanakhamis," akasema. "Jirani yetu wa shamba. Alihamia wewe ushaondoka. Yeye ndiye alonificha katika banda la mbuzi, akarejea ndani kumtazama mama. Watu walipokuja kunitoa, nikakuta maiti watatu washalazwa barazani. Babu, mama, na Bi Mwanakhamis." Kisha akaniuliza, "Kwani kuna nini, kaka?"

Nikamwokotea nguo zake. Niliona aibu mbele ya mtoto yule, na bado nnaiona.

Usiku huo sikufungua karatasi. Asubuhi nikaifungua. Kikombe kilikuwa kimeacha duara la maji, na ndani ya duara neno langu "alitangulia" lilikuwa limetiririka, halisomeki. Ami alitaka nakala safi ya kadhi, nikaandika nyingine. Wino ulikauka wote isipokuwa neno lile. Likaloa mbele ya macho yangu na kushuka. Nikabadilisha wino. Nikabadilisha karatasi, nikanunua nzito ya Bombay. Ikawa vile vile. Mara ya nne nikaandika, "alikufa baada ya babake." Yakakauka papo hapo.

Lakini kadhi hapokei shahidi maiti. Niliyajua hayo kuliko mtu yeyote. Aliyebaki hai ni mmoja.

Nilimwendea Ami Nasoro chumbani mwake adhuhuri, saa ambayo hakuna aliyethubutu kumgongea. Alikuwa amekaa kitandani, uso ukutani. Niliogopa, maana ni ami yangu na nilikuwa nakula kwake. Nikamuuliza, "Ami, nani aliyemfumba macho Babu?"

Hakugeuka. Akauliza kwa sauti ndogo, "Umemwona wapi?"

"Sib."

"Alikupa maji?"

"Alinipa. Nikanywa."

Ndipo akalia, mtu mzima yule mwenye ndevu, kwa kwikwi. "Mie hunijia kila siku saa hizi," akasema. "Husimama hapo mlangoni na kikombe. Nikinyoosha mkono, hukirejesha nyuma. Hasemi kitu. Miaka mitatu, sijapitisha tone kooni adhuhuri."

Mimi nilidhani ni tamaa ya mitende. Wallahi haikuwa tamaa. Akisema Zuwena alikufa nyuma, watu watamuuliza alijuaje. Na akisema alijuaje, watamuuliza kwa nini hakutoka na maji. Alikuwa radhi mpwa wake apelekwe Kuwait kuliko kuulizwa swali hilo.

Sikumhukumu, na sikumwonea huruma vile alivyotaka. Nilimwambia, "Kesho tunakwenda kwa kadhi. Kama huendi, nakwenda peke yangu, nikiri, nipunguziwe mitende mitatu yangu."

Alikwenda. Rahma tulimchukua, akakaa nyuma na buibui lake. Kadhi akauliza, na Ami akajibu kwa Kiarabu, sauti kavu, "Nilimsikia dada yangu akiita baada ya baba kukata roho. Aliomba maji. Sikutoka." Kadhi aliinua macho, akayarudisha kwenye karatasi. Akasema mtu akikiri dhidi ya nafsi yake yatosha, akaandika. Na mimi nikakiri, ikapungua mitatu yangu. Rahma binti Zuwena, mitende sita, safu ya tatu. Habari ya Kuwait haikutajwa tena nyumbani kwetu.

Siku ile ile, sinia lilipowekwa, Ami aliinuka kwenda chumbani kama desturi. Rahma akamzuia mlangoni na kikombe cha maji. Ami hakuthubutu kupeleka mkono, alizoea kikombe kurejeshwa nyuma. Sote tuliacha kula.

"Sijakusamehe, Mjomba," Rahma akamwambia. "Lakini kunywa."

Akanywa, yakamwagika nusu kifuani.

Rahma sasa ana wajukuu, na kila mwaka huniletea tende za mitende ile. Ami alikufa zamani, na maji ya adhuhuri aliyanywa mpaka siku yake ya mwisho. Ile shajara ya kwanza ninayo kabatini, nimeifunga kwa nailoni kwa sababu inaharibu karatasi nyingine. Duara halijakauka mpaka leo. Anayetaka aje aguse.

Nanyi mnaogawa urithi, nawaonya kama mtu aliyeshikwa mkono akiandika. Msiandike nani alimtangulia nani kwa sababu mkubwa wenu kasema, na zaidi msiandike ikiwa mnaongezewa. Tafuteni kwanza nani alikuwa mle chumbani. Msipomtafuta nyinyi, atakuja mwenyewe, na si kila mtu humpa maji.