Siku Moja ya Redio Wodini Cardiff

Aly Msellem wa Shela, Malindi, alikuwa mtu asiyekaa. Ukimkaribisha kahawa barazani huinywa amesimama, na birika halijapoa keshaaga. Kazi yake ilikuwa kutengeneza pampu za maji, leo Sabaki, kesho Tezo, na watu wa mtaani walisema ana siafu miguuni. Ujanani alikuwa baharia. Hilo walilijua, lakini hakuna aliyepata kumtoa neno zaidi ya hapo.

Mwaka wa 1984, siku chache baada ya Idi, mwanamke wa miaka thelathini hivi alipiga hodi mlangoni kwake.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Nani mwenzangu?"

"Tumu. Tumu binti Zubeir, wa Mambrui."

Aly akashika mwimo wa mlango. Zubeir walitoka naye pamoja Mombasa katika miaka ya hamsini, wakachochea makaa kwenye meli za Waingereza. Aly alirudi, Zubeir hakurudi. Mara ya mwisho kumwona Tumu, alikuwa mtoto wa kubebwa.

"Mama alifariki kabla ya Ramadhani," Tumu alisema. "Mpaka anakufa hakujua zaidi ya ile simu ya maandishi iliyosema mumewe kafa maji. Alinambia ulikuja kwetu uliporudi, ukakaa kimya, ukalia, ukaenda zako. Nataka kujua ilikuwaje, ami. Hata kama ni mabaya."

"Siwezi kuyasema nimekaa."

"Basi na tutembee."

Wakashika njia ya gatini. Walipofika mbali kidogo Aly akaanza ghafla, kama mtu aliyesukumwa.

Walikuwa Cardiff, wakati wa baridi. Mnyororo wa nanga ulimvunja Aly mguu, akalazwa, na meli ikaondoka bila yeye. Usiku wake wa tatu wodini alisikia upepo ukigonga madirisha, wala hakulala. Asubuhi muuguzi akafungua redio iliyokuwa ukutani, kama kawaida, na habari zikasomwa. Kiingereza chake kilikuwa cha melini, cha kuamrishwa, lakini jina la meli yao alilisikia sawasawa.

"Anasemaje?" alimuuliza mgonjwa wa kitanda cha pili, mchimba makaa mzee aitwaye Evans.

"Usukani umekatika. Wimbi linawasukuma kwenye miamba. Boti ya kuokoa imetoka."

"Na sasa?"

"Sasa tungoje. Habari nyingine mpaka mchana."

Aly alidhani redio ingenyamaza nayo, ingoje. Haikunyamaza. Ilileta sala na nyimbo za kanisani. Ikaleta muziki wa mbio mbio, wa kuwachangamsha watu wa viwandani, na wauguzi wakawa wanatandika vitanda kwa kuufuata. Aly alijaribu kushuka kitandani. Mguu wake ulikuwa umefungwa kamba yenye uzito, akarudishwa, akajaribu tena.

"Unakwenda wapi?" muuguzi alimuuliza.

"Baharini."

"Kwa mguu huo?"

Saa za chakula waliletewa mchekeshaji, na watu kwenye ukumbi aliokuwamo wakicheka mpaka wanakohoa. Wodi nzima nayo ikacheka. Aly aliziba masikio, kisha akayazibua haraka, akihofu habari zisimpite. Habari zilipokuja zilikuwa fupi: boti imeifikia meli, lakini mawimbi hayairuhusu kusogea. Baada ya hapo mwanamke mmoja akafundisha namna ya kutia kiraka pazia. Mwingine, mwenye sauti ya upole sana, akawasimulia watoto hadithi ya bata aliyepotelewa na kiatu.

"Badilisheni!" Aly akapiga kelele.

Muuguzi akazungusha kitufe, kikatoka kinanda. Akazungusha tena, kikatoka kinanda kingine.

Alasiri ilisomwa hali ya hewa kwa ajili ya mabaharia, majina ya bahari moja baada ya moja, polepole, kama mtu anayesoma tasbihi. Aly aliijua bahari aliyokuwamo mwenzake. Ilipotajwa, likafuata neno la dhoruba, na msomaji akaendelea na bahari iliyofuata.

Habari za jioni ndizo zilizokata neno. Mabaharia wengi walikuwa wameokolewa. Watu wa tanurini hawakuonekana. Kisha muziki wa dansi ukaanza. Evans, ambaye hakuwa na pumzi ya kusema maneno mawili bila kukohoa, alijiinua akaamuru redio izimwe. Wagonjwa wengine walinung'unika. Akawatazama tu, wakanyamaza.

"Baadaye alikuja kunitazama Mwarabu wa Aden, mmoja wa waliookoka," Aly alimwambia Tumu. "Ilikuwa zamu ya babako chini. Maji yakiingia, pampu zinataka mvuke, na mvuke unataka moto. Wangeliacha makaa wakapanda, meli ingezama kabla boti haijasogea. Wakakaa wakichochea. Waliokuwa juu wamepona kwa sababu hiyo."

Tumu alisimama. Aly alipiga hatua mbili tatu peke yake, kisha akarudi.

"Nilikuja Mambrui kumwambia mamako hayo. Nikifungua kinywa nasikia vile vicheko vya mchana. Ningemwambiaje? Mumewe yumo mautini, na mimi nasikiliza watu wakicheka?"

"Lakini wewe hukucheka, ami."

"Sikucheka."

"Basi mama angelielewa." Tumu alijifuta uso kwa pembe ya buibui. "Naye alikuwa mtu wa namna gani, huyo baba yangu?"

"Mgomvi!" Aly alisema bila kufikiri. "Akigombana na mpishi kila siku kwa ajili ya wali. Mara moja alimfukuza jikoni akapika mwenyewe, ukaungua wote, na akatulazimisha tuusifu."

Tumu akacheka huku machozi yanamtoka.

Mwezi uleule ilisomwa khitma Mambrui, ya Shekha, mamake Tumu, na ya mumewe pamoja. Aly alipanda basi akavuka daraja la Sabaki. Dua ilipokwisha, mwenye nyumba akamwomba aseme alivyomjua marehemu. Alisimama mbele ya wanaume akayasema yote, safari hii bila kukatiza. Wanawake walikuwa nyuma ya pazia. Huko ikasikika sauti ya kikongwe, dada mkubwa wa Zubeir.

"Aly, mwanangu, maji ya huko ni baridi?"

"Baridi sana, bibi. Lakini yeye alikuwa penye moto."

"Alhamdulillahi," akasema kikongwe.