Guu Lililovunjika Halikuwa Langu

Naikumbuka Jumamosi moja nilipomcheka baba yangu mzazi mbele ya majirani, na ningependa uisikie habari hiyo, mwanangu, kabla hujaenda Mwanza kulitazama hilo gari uliloniletea picha yake kwenye simu. Ni zuri, sikatai. Hata langu lilikuwa zuri.

Nilikuwa mwalimu kijana pale Sapiwi, miaka ile biashara ilipofunguliwa. Pamba iliyokuwa na mnunuzi mmoja ikaanza kugombaniwa na kampuni za watu binafsi, mitumba ikajaa minadani, na magari madogo yaliyokwisha kutumika Ujapani yakaanza kuonekana Bariadi mjini, moja moja, yakiwa bado na maandishi tusiyoweza kuyasoma. Nilikuwa nimetoka kujifunza udereva Maswa, na leseni yangu ilikuwa haijakunjika hata pembe. Nikasema nami nitapata langu. Halikuwa jambo la maringo tu. Mama alikuwa na maradhi ya miguu, na kila alipopelekwa hospitali alikwenda kwa mkokoteni wa ng'ombe, akiugulia njia nzima.

Mshahara wangu haukutosha, basi baba akauza maksai wawili, jozi aliyoifundisha kulima kwa mkono wake. Siku mnunuzi alipokuja kuwachukua, baba alinigeukia akauliza maswali mawili juu ya gari. La kwanza, "Umeliona likivuta?"

Wewe umekulia mjini, acha nikueleze. Kwetu maksai hanunuliwi kwa ngozi. Unamfunga nira, unamlimisha mistari miwili mitatu, unatazama anavyopumua. Kisha unauliza ametoka zizi la nani, na kwa nini anauzwa.

Swali la pili lilikuwa, "Na likimpiga mtu pembe?"

Hapo ndipo nilipocheka. "Baba, gari si ng'ombe," nikamwambia, na majirani waliokuja kuwaaga maksai wakacheka pamoja nami. Baba naye akatabasamu kidogo, akaendelea kukunja kamba zisizokuwa na kazi tena.

Nimelifikiria sana kosa langu la siku ile. Tangu utotoni nilijua kumkagua mnyama, lakini nilidhani maarifa hayo ni ya porini, kwamba mjini mtu huyaacha mlangoni kama ndala. Nikalikuta gari jekundu, linang'aa, na dalali mcheshi aliyeniita "Madam" kila baada ya neno la tatu. Injini ilikuwa imekwisha kupata moto kabla sijafika, wala sikujiuliza kwa nini. Niliona rangi ya mlango haifanani sawasawa na ya boneti, nikajiambia ni jua. Sikuinama kutazama chini wala sikutafuta fundi. Kipya kinyemi, wahenga walisema, na mimi kinyemi kilinifumba macho yote mawili.

Ikabaki bima. Zamani ilikuwa na dirisha moja tu la serikali, lakini soko lilipofunguliwa wakazuka mawakala wa kila aina, wengi wao waaminifu, wengine hata ofisi hawana. Dalali akaniitia rafiki yake, aliyetoza nusu ya bei. Aliniandikia karatasi juu ya boneti, akabandika stika kiooni, akaniambia kwa upole, "Hii ni ya trafiki tu, Madam. Akiiona, anakupisha." Nami nikaamini kwamba bima ni kitu cha kumwonyesha trafiki.

Wiki ya tatu nilikuwa namrudisha mama kutoka hospitali. Tulikuwa tunateremka kuelekea korongoni, na mbele yetu Masunga, mkulima jirani, alikuwa anasukuma baiskeli yenye gunia la pamba. Nikakanyaga breki. Mguu ukazama mpaka chini kama nimekanyaga tope. Nilipiga honi, nikapinda, lakini nilikuwa dereva mchanga na barabara ilikuwa nyembamba. Gari lilimpata. Mama hakupata hata mchubuko. Masunga alivunjika mguu chini ya goti.

Fundi aliyekuja kulivuta gari alilala chini yake muda mfupi tu, kisha akaniita nione. Bomba la breki lilikuwa limeungwaungwa, na chesesi ilikuwa na mshono wa kuchomelea uliopakwa rangi juu. Gari lile liliwahi kugongwa vibaya kabla halijafika kwangu. Fundi yeyote angeligundua hilo kabla chai haijapoa.

Nikapanda basi kwenda Shinyanga na karatasi yangu ya bima, kwenye ofisi ya kampuni iliyoandikwa juu yake. Karani wa kule aliisoma, akaenda ndani, aliporudi alikuwa amebeba kiti. Aliniketisha kwanza ndipo akaniambia kwamba namba ile si yao, na aliyeiandika hawamjui.

Hospitalini Masunga hakunilaumu, na hilo liliniumiza zaidi. "Mwalimu, mguu utaunga," alisema. "Pamba yangu imepasuka shambani. Nani ataichuma?" Mkewe alikuwa amejifungua juzi tu. Zao la mwaka mzima lilikuwa linaanguka chini, linaokota vumbi, na mimi sikuwa na chochote cha kumpa.

Baba hakunifokea. Alfajiri alichukua fimbo yake akaenda Sola, kwa rafiki yake wa ujanani. Siku ya pili alirudi akiswaga mitamba wawili. Ndiyo desturi yetu: mwenye ng'ombe hawaweki wote zizi moja. Wengine huwapeleka kwa rafiki wa mbali, naye rafiki huleta wake kwako, ili ugonjwa ukiingia kwako usimalize kila kitu. Mitamba wale alikwenda kuwafunga nyumbani kwa Masunga. Akiwa bado ameshika kamba, aliniambia maneno ambayo sijayasahau.

"Hawa sikuwapeleka Sola kwa kuwachukia. Niliwapeleka ili siku zizi langu likilia, niwe na mlango wa kubisha. Nilikuuliza, likimpiga mtu pembe? Sikuwa naulizia gari, binti yangu. Nilikuwa naulizia mtu."

Wazee husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi sikusikia, na guu lililovunjika halikuwa langu. Jioni zote za msimu ule mimi na dada zangu tulichuma pamba ya Masunga mpaka mstari wa mwisho, na mwaka uliofuata baba alilima kwa jembe la mkono. Masunga bado anachechemea. Tukikutana gulioni hunisalimu kwa Kisukuma, "Mwangaluka, dereva," na sote wawili tunacheka, ingawa mimi huwa wa kwanza kunyamaza.

Basi nenda Mwanza, mwanangu, ila fika mapema, ushike boneti: iwe baridi, maana injini iliyokwisha kupashwa moto huficha ubovu wake. Liwashwe mbele yako, uliendeshe mlimani na mteremkoni. Fundi awe wako, si wa muuzaji, na alale chini yake. Soma kadi ya gari, linganisha namba yake na ile iliyogongwa kwenye chesesi, uliza linauzwa kwa nini, na upendelee gari ambalo spea zake zinapatikana hapa Bariadi. Bima kaikate mwenyewe ofisini, na stika uihakiki. Siku hizi hata kwa simu inawezekana. Kwa gari la bei ndogo bima ndogo yaweza kutosha, maana inamwangalia yule utakayemuumiza. Ukiweza kubwa, italiangalia na gari lako. Lakini kama pesa ya bima haimo, basi hata pesa ya gari hujaipata bado.

Mungu akupe jicho la babu yako na mguu mwepesi wa breki. Kila utakayempita njiani afike kwake, na wewe jioni urudi salama na wale wale uliotoka nao asubuhi.