Ngedere wa Mnyuzi na Muhuri wa Mtendaji

Mdoe Ramadhani alikuwa mchora mabango, na serikali iliporuhusu kila mwenye chochote afungue duka, kazi ilimmiminikia. Aliyepanga sabuni sita juu ya meza alitaka bango. Mdoe aliandika "Supamaketi" juu ya kibanda kisichoingiza watu wawili, na pale Old Korogwe, panapouzwa chai na mihogo, akaandika "Hoteli ya Kimataifa". Hakucheka, maana mteja hachekwi.

Roho yake, hata hivyo, ilikuwa kwenye katuni, na huko alikuwa na donda. Mwaka 1996 alimpa jamaa mmoja mchoro aupeleke Dar es Salaam. Mchoro ukatoka gazetini, ila jina la mchoraji likawa la huyo jamaa. Mdoe alilipeleka gazeti lile Mnyuzi kwa mama yake, Mwanaidi, aliyejifunza kusoma ukubwani kwenye darasa la elimu ya watu wazima, na ambaye tangu hapo haamini neno mpaka aliwekee kidole. Mama alilitafuta jina la mwanawe ukurasa mzima.

"Sikukatalii, mwanangu," akasema. "Ila sijaliona."

Miaka miwili maneno hayo yalimkaa Mdoe kooni. Basi jarida jipya la Dar lilipotangaza kwamba linatafuta hadithi za picha, aliapa kuwa safari hii mama ataliona. Alichora kurasa sita. Mama mmoja wa Mnyuzi anamfukuza ngedere shambani kwa mwiko. Ngedere, akishamaliza kuiba mahindi yote, anafungua duka kando ya reli na kumuuzia mama yule mahindi yake mwenyewe, kwa bei ya soko huria.

Masharti ya jarida yalikuwa marefu kuliko hadithi. Wino mweusi, karatasi nyeupe, isikunjwe. Maneno yasiandikwe kwenye picha bali yachapwe kwa kompyuta na kuletwa kwenye flopi, kile kisahani cha kuhifadhia kazi za kompyuta, faili moja. Jina na anwani ya mchoraji viwe kwenye faili la pili. Mchoraji asiandike jina lake popote juu ya mchoro. Wenyewe watajua pa kuliweka.

Kompyuta aliyoijua Mdoe mjini Korogwe ilikuwa ya Bernadina, binti aliyekuwa akiwachapia watu barua na kuifunika mashine yake kwa kitambaa cha kufuma kama redio ya sebuleni.

"Shikamoo mzee Mdoe."

"Marahaba, mwanangu. Nina ngedere hapa anataka kuingia humo ndani."

Umeme ulikatika mara mbili. Mara mbili ngedere akapotea na duka lake, mara mbili Bernadina akamchapa upya bila kulalamika. Mwishowe alimkabidhi Mdoe flopi yenye mafaili mawili, akamwonya asiisogeze karibu na sumaku ya spika ya redio, itafutika yote. Mdoe akaitia mfuko wa shati, akaifunika kwa kiganja, na mpaka anafika nyumbani hakumpa mtu mkono.

Alipokuwa akipanga michoro katikati ya vipande viwili vya plaiwudi, donda likamuuma. Karatasi sita, na hata moja haina jina. Yeyote atakayezishika njiani atasema ni zake. Na Mdoe alikuwa raia mzoefu: barua ya shule, cheti cha ndoa, hata ng'ombe wa mnadani, kisicho na muhuri hakina mwenyewe. Akaibeba plaiwudi yake mpaka kwa mtendaji wa kata, Kaleb Lenku, mtoto wa wafugaji wa upande wa Kang'ata, aliyeota sugu ya kidole kwa kugonga vibali vya mifugo.

"Mtendaji, naomba unithibitishie kwamba hawa niliowachora ni wangu."

Lenku akavaa miwani. "Idadi?"

"Ngedere mmoja, kurasa sita."

"Alama?"

"Alama hana."

"Nimepitisha ng'ombe, mbuzi, punda," alisema Lenku. "Ngedere ndiyo mara ya kwanza."

Lakini alikuwa mtu makini. Kila karatasi aliitafutia mahali wazi, akagonga muhuri, akatia sahihi, na chini yake akaandika jina lake kamili kwa mwandiko safi. Mara sita. Mdoe akashukuru kwa moyo wote, akapeleka kifurushi kwenye basi la Dar.

Huko Dar, kama ilivyojulikana baadaye, walifungua faili la kwanza tu. La pili hawakuona haja ya kulifungua, kwa kuwa jina la mchoraji lilikuwa tayari kwenye michoro yote. Muhuri wakaufuta kama uchafu. Jarida lilipofika stendi ya Korogwe, Mdoe alisoma: "Imechorwa na Kaleb Lenku."

Iliuma. Iliuma kuliko ile ya kwanza, maana ile aliibiwa, na hii alijipeleka mwenyewe kwa miguu yake. Lenku naye aliona aibu ya kweli. Aliliandikia jarida barua ya kukana, akaigonga muhuri.

Mdoe alikwenda Mnyuzi hivyo hivyo. Mama akapokea jarida, akaweka kidole.

"Ka-le-bu. Huyu nani?"

Mdoe akamweleza yote, masharti, flopi na muhuri. Mama hakucheka wala hakumpa pole. Alifunua kurasa mpaka kwa yule mwanamke mwenye mwiko, akamtazama kwa muda mrefu.

"Huyu ni mimi."

"Ni wewe, mama."

"Na jino langu lililovunjika. Huyo mtendaji amelionea wapi?"

"Hajawahi kukuona, mama."

"Basi nipe kalamu."

Mdoe akampa penseli yake ya kupimia mabango. Mama hakuwa ameandika kitu tangu mtihani wa darasa lile. Chini ya miguu ya mwanamke mwenye mwiko aliandika M, akaandika D, ulimi umebanwa kwa meno. Akaandika O. Akapumzika. Akaandika E. Kisha akaisogeza karatasi mbali na macho, akaweka kidole, akasoma kwa sauti.